Koili Isilipishwe Kosa la Waya

Askari hukaguliwa bunduki yake kabla ya kwenda lindo, na ole wake akikutwa na kutu katika mtutu. Lakini gari litakalompeleka lindoni, ambalo lisipowaka bunduki hiyo haitafika mahali pa kazi, mara nyingi hukaguliwa kwa kupigwa teke la gurudumu na kutupiwa jicho kipimo cha mafuta. Mbele ya gwaride gari hung'aa. Chini ya boneti hakuna aliyetazama. Huu si upungufu wa fedha bali ni upungufu wa nidhamu, nao hudhihirika zaidi mahali pembamba na penye giza ambapo mkono hauingii kwa urahisi, yaani kwenye nyaya za plagi na koili.

Najua watakuwapo watakaosema kwamba magari yetu makubwa hutumia dizeli, na injini ya dizeli haina plagi za namna hiyo. Ni kweli. Lakini vikosi vyetu haviendeshwi kwa malori peke yake. Yapo mabasi madogo ya wafanyakazi, magari ya ofisi, pikipiki za doria na jenereta ndogo za petroli. Tena yapo magari mapya ambayo kila plagi imewekewa koili yake juu, bila waya mrefu. Hata hivyo magari ya zamani yenye distributa na nyaya bado ni mengi barabarani, nayo ndiyo yanayobeba watu.

Tuchukue mfano wa jirani zetu wa Malawi. Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, yapata kilometa 45 kutoka Lilongwe. Wakati wa utawala wa Dakta Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza walimofungiwa wapinzani wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa makao ya wakimbizi. Palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Ndiyo sababu Kiswahili husikika sokoni Dzaleka ingawa pande zote kinazungumzwa Kichewa. Askari wa Tanzania na wa Malawi waliotumikia pamoja mashariki ya Kongo kuanzia mwaka 2013, katika kikosi maalum cha Umoja wa Mataifa, wanaifahamu vizuri vita iliyowang'oa watu hao makwao.

Dzaleka ina kituo cha afya, lakini mgonjwa aliyezidiwa hana budi kupelekwa hospitali ya wilaya huko Dowa, au Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe. Msomaji na afikiri kidogo. Watu zaidi ya 50,000, magari machache, na safari ya kilometa 45. Mama mwenye uchungu wa kuzaa amelazwa nyuma, ni saa nane za usiku, mvua inanyesha, na injini inaanza kumisi. Kwenye tambarare gari linakwenda kwa kutetemeka. Kwenye mwinuko linashindwa. Wakati huo cheo cha dereva hakisaidii kitu, wala redio ya mawasiliano haiwezi kurusha moto ndani ya silinda. Kilichotakiwa kufanyika kilitakiwa kufanyika mwezi uliopita, mchana, mikono ikiwa mikavu.

Ili tuelewane, yafaa tueleze kazi ya vyombo hivi. Betri hutoa volti 12, na umeme huo mdogo hauwezi kuruka mwanya wa plagi. Ndani ya koili mna nyuzi za shaba zilizozungushwa kwa namna mbili: mzingo mmoja mnene wenye duru chache, na mzingo mwingine mwembamba wenye maelfu ya duru. Umeme wa betri ukipita katika mzingo wa kwanza kisha ukakatwa ghafla, katika mzingo wa pili huzaliwa msukumo wa volti 20,000 na zaidi. Msukumo huo hupita kwenye distributa, ukagawiwa kwa zamu katika nyaya, kila waya ukapeleka moto kwenye plagi yake. Katika injini nyingi za silinda 4 zamu hiyo ni 1, 3, 4, 2.

Sasa waya ukizeeka, hutokea mambo mawili. Ama ndani yake ukinzani huzidi, umeme ukapita kwa taabu; ama ngozi yake hupasuka kwa joto na mafuta, umeme ukavuja na kurukia chuma kilicho karibu. Moto usipopata njia yake, koili hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi na zaidi, siku baada ya siku, mpaka kihami chake cha ndani kinatoboka. Hapo koili hufa. Dereva huripoti, "Afande, gari halina moto." Hujibiwa, "Badilisheni koili." Koili mpya hununuliwa, hufungwa, gari huwaka, na nyaya zilezile mbovu huachwa palepale. Baada ya muda si mrefu koili mpya nayo hufa, na lawama huangukia duka lililouza au nchi iliyotengeneza.

Polisi wanaosoma ukurasa huu wanalijua kosa hili kwa jina jingine. Ni kumkamata aliyekutwa mahali pa tukio bila kumtafuta aliyetenda. Koili imekutwa imekufa; haina maana kwamba ndiyo iliyoanza. Upelelezi wa kweli huanza kwenye nyaya na plagi, na upelelezi huo hauhitaji mtambo wa gharama kubwa. Gari liwashwe usiku, mahali pasipo taa, boneti likiwa wazi, kisha mtu atazame bila kugusa. Waya unaovuja utajionyesha wenyewe kwa cheche za buluu. Kisha injini izimwe, na kila waya upimwe kwa mita ya umeme. Vitabu vya matengenezo vya injini nyingi za Toyota za aina hiyo hutaja kikomo cha omu 25,000 kwa waya mmoja; uliozidi hapo umekwisha kazi, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Koili nayo ipimwe mizingo yake yote miwili na kulinganishwa na kitabu cha gari lenyewe.

Inapofika kazi ya kubadilisha, ndipo uvivu hupata kisingizio. Katika mabasi madogo ya Toyota HiAce ya zamani, yaliyozagaa Lilongwe kama yalivyozagaa Dar es Salaam na Nairobi, injini imewekwa chini ya viti vya mbele. Fundi hana budi kuinua kiti, kufungua kifuniko, kisha kufanya kazi kwa kupapasa, mkono mmoja ukiwa ndani mpaka kiwiko. Hapo ndipo fundi mwenye haraka hubadilisha nyaya mbili anazozifikia, akaziacha mbili za ndani. Hapo ndipo pia huvuta waya kwa mwili wake badala ya kushika kofia ya mpira na kuizungusha taratibu, akaukata ndani bila kujua.

Kazi hii ina utaratibu wake, nao ni wa kijeshi kabisa. Injini ipoe kwanza, maana kichwa cha alumini kikiwa cha moto nyuzi za plagi huharibika upesi. Waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Nyaya zitolewe mmoja mmoja: mmoja unatoka, mwingine wa urefu uleule unaingia, ndipo mkono uende kwa unaofuata. Anayezing'oa zote kwa pamoja akidhani anaokoa dakika tano, atapoteza asubuhi nzima akitafuta zamu ya silinda. Plagi iliyo mahali pa kina ianzishwe kwa kipande cha mpira wa bomba kilichovikwa kichwani mwake, kwa vidole na si kwa spana, ili nyuzi zisikae upande. Kofia ya waya isukumwe mpaka isikike imekamata. Mwisho nyaya zirudishwe katika vishikizo vyake, mbali na bomba la moshi. Waya wa silinda ya 3 na wa ya 4 zisilazwe zimegusana kwa urefu, kwa maana silinda hizo hufuatana kwa zamu, na moto wa mmoja waweza kuamsha mwingine kabla ya wakati wake. Kile kishikizo cha plastiki ambacho wengi hukitupa kiliwekwa kwa sababu hiyo.

Liko jambo la majira pia. Malawi, kama sehemu kubwa ya kusini mwa Tanzania, hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Waya wenye ufa hufanya kazi miezi yote ya kiangazi bila kulalamika, kwa sababu hewa kavu haipitishi umeme upesi. Mvua ya kwanza ikinyesha, unyevu huingia katika ufa huo pamoja na vumbi la miezi sita, na gari lililokuwa zima jana leo haliwaki. Mtu husema ni bahati mbaya. Hapana, ni ukaguzi wa Oktoba ambao haukufanyika. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa wenyewe ni mwembamba kuliko unywele.

Wala tusisahau gharama kwa taifa. Malawi haina bandari ya bahari. Mafuta yake hupita Dar es Salaam, Beira na Nacala, na hulipiwa kwa fedha za kigeni ambazo ni haba. Katika miaka ya 2022 hadi 2025 wananchi wa Lilongwe walipanga foleni ndefu katika vituo vya petroli mara kwa mara. Injini ya silinda 4 inayomisi silinda moja hunywa petroli ya silinda nne na kutumia ya tatu. Inayobaki hutoka mbichi kwenye bomba la moshi. Dereva wa serikali anayeendesha gari la namna hiyo kwa majuma matatu, akijua, anamwaga barabarani mali ya umma ambayo mwananchi aliyepanga foleni anaitamani.

Zipo hoja za upande wa pili, nazo zinastahili jibu. Wakuu wa karakana watasema kwamba vipuri havifiki kwa wakati, na kwamba seti nzima ya nyaya ni ghali kuliko waya mmoja. Lakini seti nzima ni rahisi kuliko koili mbili na kulivuta gari kwa kamba. Wengine watasema kazi hiyo ni ya mafundi, si ya dereva. Kufunga ni kazi ya fundi. Kusikia kwamba injini imebadili sauti ni kazi ya dereva, kwa kuwa ndiye anayeketi juu yake kutwa. Mafundi wadogo wa pikipiki mitaani, wenye spana chache katika kopo, hutambua kwa sikio tu plagi iliyochoka, maana pikipiki ina plagi moja na waya mmoja, na kosa halina mahali pa kujificha. Hatuna sababu ya kujiona wakubwa mno kujifunza kwao.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa kila kikosi na kila kituo cha polisi. Kwanza, kila gari la petroli liwe na daftari linaloonyesha tarehe na kilometa ambapo nyaya, plagi na koili vilibadilishwa, na ofisa alitie sahihi baada ya kutazama mwenyewe. Pili, ukaguzi wa usiku wa nyaya ufanywe kila mwaka kabla ya mvua kuanza. Tatu, koili isitolewe ghalani mpaka karatasi ya vipimo vya nyaya iwe imeambatishwa, ili asiyepima asipewe.

Hayo hayahitaji bajeti mpya wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Yanahitaji sajini mwenye tochi, dereva mwenye sikio, na ofisa asiyeona haya kuchafua mikono ya shati lake. Yule mama wa Dzaleka hatajua kamwe ni nani aliyebadilisha waya wa nne, ule wa ndani kabisa usioonekana. Atajua tu kwamba alifika Lilongwe.