Jedwali la Julai Halimtawazi Bingwa

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi kwa mashabiki wa besiboli ya Marekani, hakuna inayopotosha kuliko ile inayodai kwamba msimu ukifika katikati, mwezi wa Julai, msimamo wa ligi huwa umekwisha kuonyesha timu iliyo bora, na kwamba mechi dhidi ya watani wa jadi ndizo huuthibitisha ubora huo. Imani hii huwafanya mashabiki wa timu inayoongoza waanze kusherehekea mapema, na wale wa timu inayosuasua wadai meneja afukuzwe, ilhali kila timu ina mechi 162 za kucheza na karibu nusu yake bado hazijachezwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1978. Tarehe 19 Julai, Boston Red Sox ilikuwa na ushindi 62 na vipigo 28, nao watani wake, New York Yankees, walikuwa na ushindi 48 na vipigo 42, yaani mwanya wa mechi 14, kwa kuwa Boston ilizidi kwa ushindi 14 na kupungukiwa kwa vipigo 14. Jedwali lilisema kweli kuhusu yaliyopita, lakini halikuweza kuonyesha hali ya miili ya wachezaji. Catfish Hunter, mrushaji wa Yankees aliyekuwa akisumbuliwa na bega, alirejea kwenye makali yake mwezi wa Agosti, huku Butch Hobson, mlinzi wa kituo cha tatu wa Boston, akicheza na vipande vya mfupa vilivyolegea ndani ya kiwiko, hata akamaliza msimu akiwa na makosa 43 ya ulinzi. Septemba, Yankees walikwenda Boston wakashinda mechi nne mfululizo kwa jumla ya alama 42 kwa 9, na mwanya wote ukafutika. Hata hivyo Boston nayo ilishinda mechi zake nane za mwisho, timu zote mbili zikawa na ushindi 99, na mechi moja ya kuamua ikachezwa tarehe 2 Oktoba. Yankees walishinda 5 kwa 4, na pigo lililogeuza mchezo lilitoka kwa Bucky Dent, ambaye msimu mzima hadi siku hiyo alikuwa ameuvusha mpira uzio mara nne tu.

Anayetaka kupima timu katikati ya msimu atazame kwanza alama zilizofungwa na zilizofungwa dhidi yake, kisha ndipo ahesabu ushindi. Mtafiti wa takwimu Bill James alionyesha kwamba ukichukua mraba wa alama ambazo timu imefunga, ukaugawa kwa jumla ya mraba huo na mraba wa alama ilizofungwa, hupata makadirio mazuri ya sehemu ya mechi ambazo timu hiyo ilistahili kushinda. Timu iliyojaza ushindi wa alama moja moja mara nyingi imebebwa na bahati, na bahati hiyo si akiba ya kutumia Septemba.

Kuhusu watani, hesabu ni ngumu zaidi kumeza, kwa sababu hapa ndipo moyo wa shabiki ulipo. Mwaka 2004 Red Sox iliwashinda Yankees mara 11 kati ya 19 katika msimu wa kawaida, lakini ikamaliza nyuma yao kwa mechi tatu, kwa kuwa ushindi dhidi ya timu dhaifu una uzito uleule. Oktoba ikafungwa na watani haohao mechi tatu za mwanzo za nusu fainali, kisha ikashinda nne mfululizo na kutwaa ubingwa.

Ni kweli kwamba mwanya mkubwa ni faida halisi, na timu nyingi zinazoongoza kwa mbali hazikamatwi. Lakini kikosi cha Julai si lazima kiwe kikosi cha Oktoba. Atlanta Braves ya 2021 ilifika mapumziko ya katikati ya msimu ikiwa na ushindi 44 na vipigo 45, na ilikuwa imetoka kumpoteza nyota wake, Ronald Acuña Jr., aliyechanika kano ya goti. Badala ya kukata tamaa, uongozi uliwaleta walinzi wanne wa uwanja wa nje kabla ya Julai kwisha, na timu hiyo ikawa bingwa.

Shabiki anayedai meneja afukuzwe kwa sababu ya jedwali basi aikumbuke Washington Nationals ya 2019, iliyoshinda mechi 19 tu kati ya 50 za kwanza. Meneja wake, Dave Martinez, hakuondolewa, na tarehe 30 Oktoba mwaka huo timu yake iliifunga Houston Astros 6 kwa 2 ugenini katika mechi ya saba ya fainali, ikachukua kombe.