Filme yetu ifike Lubunga pia

Mwaka 2020 filme ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, ilichaguliwa Cannes, kule Ufaransa. « En route pour le milliard » inaonyesha wahanga wa Vita ya Siku Sita ya Juni 2000, wengine bila miguu, wakishuka mto mpaka Kinshasa kudai malipo yao.

Wazungu wameiona. Mama aliyekimbia vita ya Wambole na Walengola mwaka 2023, je, ameiona?

Wanaotaka kutuonyesha filme kubwa za dunia, nawaomba: musizifungie katikati ya muji. Bebeni jenereta na kitambaa cheupe, muvuke mto. Anzeni na hii, ndani yake watu wanaongea Kiswahili na Lingala. Kisha leteni ya Rithy Panh wa Kambodia, aliyetumia sanamu za udongo kusimulia jamaa yake iliyokufa chini ya Khmer Rouge.

Mtasema mkimbizi anataka chakula. Kweli, chakula kwanza. Lakini mwaka 2022 mahakama ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, kwa sababu kuna waliokataa kunyamaza. Aliyekimbia leo naye ajifunze kuhesabu hasara yake mapema, na kuisema.