Kitanda Tusichokilalia

Ninayo mezani taarifa ya mwaka ya shirika moja la kulea watoto ambalo niliwahi kuwa mjumbe wa bodi yake. Ni kitabu kizuri, karatasi yake inang'aa, na katika ukurasa wa tatu zimepangwa picha za wajumbe tisa. Chini ya kila picha pameandikwa jina na kazi ya mhusika: wakili, mkurugenzi wa benki, mhasibu, mhandisi, daktari wa upasuaji, mfanyabiashara, ofisa uhusiano, na mchumi aliyestaafu kutoka wizarani. Picha ya tisa ni yangu. Chini yake pameandikwa "mtaalamu wa elimu".

Mimi si mtaalamu wa elimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, tena mwalimu wa UPE, mmoja wa vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa miaka ya sabini ili kila mtoto wa Tanzania apate mtu wa kumfundisha. Tulijifunza ualimu huku tunafundisha, kwa vijitabu na vipindi vya redio, na wenye maneno yao wakatubandika jina la Ualimu Pasipo Elimu. Nilianza kazi mwaka 1977, nikastaafu mwaka 2018. Nilipomwuliza katibu kwa nini ameibadili kazi yangu, alinijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, usinielewe vibaya. Hiki kitabu kinasomwa na wafadhili."

Jibu lile sikulisahau. Maana yake ni kwamba katika shirika la watoto, kazi ya kukaa na watoto ilikuwa jambo la kuonea aibu, la kufichwa chini ya cheo kikubwa zaidi. Basi nathubutu kusema wazi ninaloliamini: bodi nyingi za mashirika yetu ya watoto zimejaa watu wanaojua kulinda fedha, majengo na jina la shirika, na hazina hata mtu mmoja ambaye kazi yake maishani ilikuwa kumtazama mtoto. Na bodi ya namna hiyo, hata wajumbe wake wawe waaminifu kiasi gani, siku moja itamwumiza mtoto bila kujua.

Nisieleweke kwamba nawapinga wasomi. La hasha. Mhasibu wetu ndiye aliyegundua kwamba unga wa sembe ulikuwa unalipiwa mara mbili, na watoto walishiba kwa sababu ya macho yake. Wakili ndiye aliyetuongoza katika Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, inayotudai taarifa za kazi na hesabu zilizokaguliwa. Bila watu hawa shirika lingefungwa. Lakini kuzuia shirika lisifungwe ni jambo moja, na kulea ni jambo jingine. Nitaeleza kwa kisa, na katika kisa hiki nami nina dhambi yangu.

Mwaka 2019 msaada wa mfadhili mmoja ulipungua, tukaitwa kikaoni kupunguza matumizi. Makao yetu yalikuwa na mabweni matatu: la wadogo, la wasichana na la wavulana. Kila bweni lilikuwa na mama mlezi wa zamu ya usiku. Mchumi alipendekeza mlezi wa bweni la wavulana aondolewe, kwa kuwa wavulana wana kiranja wao na askari yuko getini. "Waheshimiwa," alisema, "watoto wakilala, mlezi naye analala. Tunamlipa mtu mshahara wa kulala."

Wajumbe walicheka. Niliinua mkono nikasema kwamba usiku ndio saa ngumu kuliko zote kwa mtoto asiye na mama. Mwenyekiti alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza: "Mwalimu, una takwimu?"

Sikuwa nazo. Nilikuwa na miaka 41 ya kuwatazama watoto wanaosinzia darasani saa mbili asubuhi, na kujua yupi amekesha kwa njaa, yupi kwa malaria, na yupi kwa hofu. Hiyo haiitwi takwimu. Nikanyamaza. Wajumbe walipoombwa kunyoosha mikono, nami niliunyoosha wangu pamoja nao. Muhtasari wa kikao unasema uamuzi ulipitishwa kwa kauli moja, na ni kweli. Tulisaini karatasi za posho, tukaagana.

Baada ya miezi mitano mvulana wa miaka tisa alitoroka. Alilala stendi ya mabasi siku tatu, hadi mama mmoja muuza chai alipomhurumia akamrudisha. Tukaitwa kikao cha dharura. Msomaji, kikao kile nakikumbuka neno kwa neno. Wakili aliuliza nani atawajibika iwapo jambo hili litafika mahakamani, na kama kitabu cha askari kilikuwa kimesainiwa. Mhandisi alikuwa ameshaupima ukuta. Alisema ni mfupi, akapendekeza uongezwe mistari mitatu ya matofali na vipande vya chupa juu yake. Ofisa uhusiano aliuliza kama kuna mwandishi wa habari aliyesikia. Daktari alitaka mtoto apimwe, akapimwa, akakutwa mzima. Mkurugenzi wa benki aliuliza bei ya ukuta.

Kila mmoja alisema vizuri, na kila mmoja alisema kweli kwa kadiri ya kazi yake. Mlezi wa zamu ya mchana aliingia akatugawia chai na vitumbua, akatoka. Hakuna aliyemwuliza neno. Ukuta uliidhinishwa, na gharama yake ilizidi mshahara wa mwaka mzima wa yule mlezi tuliyemwondoa. Swali la kwa nini mtoto alikimbia halikuwamo katika ajenda.

Kikao kilipokwisha nilikwenda uani. Mvulana alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mwembe, anachora chini kwa kijiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Alisema amekula. Sikumwuliza kwa nini alitoroka. Aliyefundisha watoto wadogo anajua kwamba swali la moja kwa moja humfunga mtoto mdomo; afadhali umwombe akuonyeshe kitu. Nilimwomba anionyeshe kitanda chake. Tukaingia bwenini. Godoro lake lilikuwa limegeuzwa, halina shuka. Nilikaa pembeni yake bila kusema kitu. Baada ya muda akasema mwenyewe:

"Nikikojoa wananitoa nje."

"Nani?"

"Wakubwa. Wananifungia mlango mpaka asubuhi."

"Na zamani walikuwa wanakutoa?"

"Zamani Mama alikuwa ananiamsha. Sasa usiku hakuna mtu."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya mlezi tuliyemwondoa. Saa sita alimwamsha kikojozi mmoja, saa nane mwingine, akawapeleka msalani, akawarudisha vitandani wakiwa wakavu. Kazi hiyo haikuandikwa katika barua yake ya ajira, wala haikuonekana katika hesabu za mwaka. Mama yeyote aliyelea angeijua. Muuguzi wa wodi ya watoto angeijua. Hata mimi, kama nisingemwogopa mtu aliyeniuliza takwimu, ningeweza kuieleza. Wahenga walituachia neno: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tisa tulikuwa tunatawala vitanda vya watu ambao hatukuwahi hata kuyagusa magodoro yao.

Nilipeleka habari hiyo kwa maandishi. Nikajibiwa kwamba itatazamwa katika bajeti ijayo. Mlezi alirudishwa baada ya miezi minne, na si kwa barua yangu. Alikuja mgeni kutoka kwa mfadhili, akatembezwa, akaonyeshwa ukuta mpya. Yeye akauliza swali moja tu: "Usiku nani analala na wavulana?" Baadaye nilipopata nafasi ya kuzungumza naye, nilimwuliza alianzaje kazi. Alikuwa muuguzi wa watoto kabla hajaingia ofisini.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya shirika moja dogo. Ugonjwa huu ni wa kale na haukuanzia kwetu. London ya karne ya kumi na nane palikuwa na nahodha wa meli aliyeitwa Thomas Coram. Alikuwa akiona watoto wachanga wametupwa kando ya barabara, akakerwa. Alihangaika miaka 17 kutafuta ruhusa ya kuwajengea nyumba, na hakuipata hadi alipokusanya saini za mabibi na mabwana wakubwa wa nchi. Mwaka 1739 Mfalme alitoa hati, na wenye majina wakawa wakuu wa shirika. Watoto wa kwanza walipokelewa mwaka 1741. Mwaka 1742, baada ya kukosana na baadhi ya wenzake, Coram hakuchaguliwa tena katika kamati ya kuliendesha shirika alilolianzisha mwenyewe. Majina makubwa aliyoyahitaji ili kufungua mlango ndiyo yaliyobaki ndani, na yeye akabaki nje.

Wala tusidhani kwamba kosa limo katika shahada. Janusz Korczak wa Poland alikuwa daktari, na mwandishi mashuhuri. Tangu mwaka 1912 aliongoza nyumba ya yatima wa Kiyahudi mjini Warsaw, na akaishi humo humo pamoja nao. Aliweka mahakama ya watoto, ambamo watoto walikuwa mahakimu, na mtu mzima aliyemkosea mtoto aliweza kushtakiwa. Yeye mwenyewe alishtakiwa mbele yao. Mwaka 1942 Wajerumani walipowachukua watoto wale kuwapeleka Treblinka kuuawa, alikataa kujiokoa, akaenda nao. Udaktari wake ulikuwa na faida, bila shaka, lakini nadhani kuwajua watoto kulitokana na kulala chini ya paa moja nao.

Sasa tujiangalie. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu cha 12 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema hivyo hivyo. Maneno haya tunayakariri katika semina, tukiwa hotelini, tukiwa na kalamu na mikoba iliyoandikwa jina la semina. Kisha tunarudi katika vikao ambavyo hakuna aliyewahi kumsikiliza mtoto kwa kazi, na tunapiga kura.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa mwalimu hana fedha, mlezi hajui Kiingereza cha wafadhili, na mjumbe wa bodi lazima awe mtu wa kufungua milango. Ni kweli kwamba mkurugenzi wa benki alitufungulia milango mingi. Lakini milango ile ilifunguliwa kwa jina la nani? Hakuna mfadhili aliyetoa fedha kwa ajili ya benki yake. Walitoa kwa ajili ya yule mvulana aliyekuwa anafungiwa nje usiku. Yeye ndiye mwenye mali, nasi tulikuwa mawakili wake. Na wakili asiyemjua mteja wake atashindaje kesi?

Wengine watasema walimu nao si malaika. Nakubali. Wapo waliowaumiza watoto, nami fimbo niliishika zaidi ya ilivyostahili, jambo ninalolijutia hadi leo. Sidai kwamba ualimu ni utakatifu. Nadai kwamba ni maarifa, sawa na uhasibu, na maarifa hayo hayapatikani kwa huruma wala kwa kuwa na watoto wako nyumbani wanaolelewa na dada wa kazi.

Kwa hiyo nataka mambo matatu, na nayataka kwa kila shirika linaloomba fedha kwa picha ya mtoto. Kwanza, angalau theluthi ya viti vya bodi iwe ya watu waliofanya kazi na watoto kwa miaka mingi: walimu, wauguzi, maofisa ustawi wa jamii, walezi. Wasiitwe kupamba picha. Kura yao isikilizwe bila kudaiwa takwimu ambazo hakuna aliyewalipa kuzikusanya. Pili, kiti kimoja kiwe cha mtu mzima aliyelelewa katika makao, maana yeye kitanda amekilalia. Tatu, kila mjumbe, awe wakili au mfanyabiashara, akae zamu ya usiku mmoja kila mwaka pamoja na mlezi, kwa utaratibu unaowalinda watoto, bila kamera na bila posho. Asiyeweza kukesha usiku mmoja asipewe mamlaka juu ya siku 365.

Mimi nilijiuzulu mwaka 2021. Wengine walidhani nimeudhika kwa ajili ya cheo walichonibandika chini ya picha. Sivyo. Niliondoka kwa sababu ya mkono wangu, ule nilioupandisha pamoja na mingine huku nikijua. Wenzangu hawakujua, mimi nilijua nikaona haya kuwa mwalimu wa shule ya msingi mbele ya watu wakubwa. Kama tungekuwa watatu, nadhani nisingeona haya.

Nawe msomaji, siku utakapoletewa kitabu kama hiki kinachong'aa na kuombwa mchango, usianzie kwenye hesabu. Fungua ukurasa wa picha za wajumbe, soma kazi zao moja moja, halafu uliza: katika hawa, ni nani aliyewahi kufua shuka la mtoto wa mtu mwingine? Ukikosa jibu, shika mchango wako mkononi mpaka ujibiwe.