Fomu Haina Masikio

Tuzo ya mhadhiri bora huwa inampita mwalimu ikamwangukia mwandishi. Kwenye idara nyingine labda mtu anaweza kuvumilia, lakini kwenye muziki hilo ni kosa kubwa. Nasema hivi kama mtoto wa Mfangano niliyesoma muziki chuoni miaka minne, na ambaye hadi leo natumiwa fomu ya kuteua "mwalimu aliyebobea".

Hiyo fomu nimeisoma yote. Inataka idadi ya makala alizochapisha mwalimu, majarida yaliyozitoa, pesa za utafiti alizoletea chuo, na makongamano aliyohudhuria. Kuhusu kufundisha kwenyewe kuna kisanduku kimoja cha chini, maneno mia moja basi. Hakuna mahali pa kuandika kwamba alimpokea msichana asiyeweza kushika sauti ya pili na akamwachia kwaya nzima aiongoze. Sasa hiyo ni tuzo ya ualimu kweli, ama ni ya makaratasi?

Mwalimu ningependa kumteua mimi alitufundisha nyatiti. Tulikuwa zaidi ya wanafunzi ishirini, ala ilikuwa moja. Nyatiti ina nyuzi nane. Mchezaji hukaa chini kwenye kigoda, mikono yake inashughulika na nyuzi, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma inayogonga ubavu wa ala, na njuga za mguuni zinalia juu ya hayo yote. Halafu bado anatakiwa aimbe. Yaani mwili mmoja unabeba midundo mitatu na hadithi moja. Mwalimu wetu aliigawa kazi hiyo vipande vipande. Wiki mbili nzima tuligonga sakafu kwa kidole tu, wengine wakicheka. Wiki ya tatu mikono ikaingia juu ya meza, bila ala. Ala yenyewe ilipotufikia, mwili ulikuwa tayari unajua njia. Huo ni ualimu wa hali ya juu, na kwenye ile fomu hauna alama hata moja. Tena alikuwa analipwa kwa saa, kwa hiyo hata jina lake halimo kwenye orodha ya wanaoweza kuteuliwa.

Wakenya tunajua tuzo ya mwalimu inavyoweza kuwa. Mwaka 2019 Bruda Peter Tabichi alishinda Global Teacher Prize ya dola milioni 1. Alikuwa anafundisha sayansi katika shule ya kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru. Watu walimtuza kwa yale wanafunzi wake waliyoweza kufanya, na hakuna aliyeuliza ana makala ngapi. Kumbe inawezekana. Mbona chuo kikuu kishindwe?

Lakini ugomvi wangu hauishii kwa wahadhiri. Hebu tuulize mwalimu wa mwalimu ni nani.

Profesa Washington Omondi, ambaye ndiye aliyeongoza Tume ya Rais ya Muziki iliyotoa ripoti yake mwaka 1984, alipata uzamifu wake Chuo Kikuu cha London kwa utafiti kuhusu thum, ala hiyo hiyo tunayoiita nyatiti. Kazi yake naiheshimu. Bila watu kama yeye pengine vyuo vyetu vingekuwa bado vinafundisha Mozart peke yake. Ila ujuzi wenyewe aliukuta wapi? Kwa wachezaji. Kwa wazee waliokuwa wanafundisha vijana wao karne nyingi kabla ya chuo chochote kufunguliwa huku.

Panda boti Mbita uje Sena, utaona ninachosema. Sisi Abasuba wa Mfangano na Rusinga tuna lugha yetu, Olusuba, ambayo UNESCO imeiweka kwenye orodha ya lugha zilizo hatarini kupotea. Nyumbani wengi wetu tunaongea Dholuo. Olusuba cha kweli kimebaki kwa wazee, na sehemu kubwa imo kwenye nyimbo. Kwa hiyo wanafunzi wa vyuo wanakuja na simu zao kurekodi. Wanakaa siku mbili, wanaondoka.

Nyanya yangu ni mmoja wa waliorekodiwa. Na hakuimba tu. Aliwafundisha wale vijana. Aliwakatiza kila walipopiga makofi mahali pasipo pake, akawashika mikono, akawaambia warudie, akakataa kuendelea mpaka wapatie. Jioni ya pili walikuwa wanaweza. Tasnifu ilipotoka niliitafuta. Humo ndani yeye ni "Mhojiwa 4".

Mhojiwa! Polisi ndio wana wahojiwa. Mtu aliyekusimamisha, akakusahihisha, akakutoa kwenye kutojua mpaka ukajua, kwa Kiswahili anaitwa mwalimu. Msimamizi wa tasnifu hiyo ataiandika kwenye fomu yake kama kazi aliyoisimamia, na ataivuna alama. Aliyefundisha hana kitu, hata jina.

Najua sheria zinavyosema. Tangu mwaka 2014 miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu. Sawa, kwa daktari wa meno na mwalimu wa hesabu sina neno. Lakini Bagamoyo, Hukwe Zawose alifundisha katika Chuo cha Sanaa, na alichokuwa nacho ni ilimba, sauti, na urithi wa Wagogo. Unguja, Dhow Countries Music Academy imekuwa ikiwaweka wakongwe wa taarab na vijana chumba kimoja tangu mwaka 2002. Seattle nako, Chuo Kikuu cha Washington kilimleta Dumisani Maraire kutoka Zimbabwe mwaka 1968 afundishe mbira. Uzamifu wake ulikuja mwaka 1990, chuo hicho hicho. Na yule Mjapani, Eriko Mukoyama, ambaye mashabiki wanamwita Anyango? Alipotaka kujua nyatiti alikwenda kijijini Siaya kwa mzee anayeipiga. Mgeni kutoka Tokyo alijua darasa liko wapi. Sisi wenyewe tunajifanya hatujui.

Wapo watakaoniambia tuzo haijazi sufuria. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma wiki saba wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mwaka 2017 hadi 2021. Naunga mkono kila senti. Mtu asipewe cheti cha fremu huku mshahara wake umekaliwa. Lakini malipo na heshima havigombanii kiti kimoja. Na wanaoumia zaidi kwa fomu hii ni wale wa kulipwa kwa saa, ambao hukimbia kutoka chuo hiki hadi kile na hawana muda wa kuandika makala. Tukianza kuhesabu ufundishaji wao, hoja yao ya kuajiriwa inapata nguvu.

Wengine watasema wanafunzi wakipewa kura watamchagua lec anayegawa A kama njugu. Hofu hiyo ina msingi kwingine, lakini muziki una bahati: ushahidi unasikika. Chukua rekodi ya mwanafunzi wiki ya kwanza chuoni, uiweke kando ya rekodi yake ya mwaka wa nne. Waite watu watano wenye masikio, mmoja wao awe mpiga ohangla ama orutu wa kijijini, wasikilize bila kujua nani alifundishwa na nani. Mwalimu wa kupendwa bure hataficha kitu hapo.

Na jambo hili lina haraka. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mojawapo ya njia tatu walizowekewa ni sanaa na michezo. Watahitaji walimu wa muziki wanaoweza kupiga, kuimba na kusahihisha. Walimu hao ndio hawa walio chuoni sasa hivi, na wahadhiri wao vijana wanaangalia nani anapandishwa jukwaani. Ukimtuza mwenye makala kumi na darasa bovu, umewaonyesha wote njia ya kufuata.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, nusu ya alama za tuzo yoyote ya ualimu wa muziki itoke kwenye kile wanafunzi wanachoweza kufanya. Pili, wahadhiri wa kulipwa kwa saa waruhusiwe kuteuliwa. Tatu, mzee ama mama yeyote aliyefundisha wanafunzi wa chuo nyanjani ateuliwe kwa jina lake, na siku alizofundisha zilipwe kama siku za mwalimu. Asiitwe profesa, hajaomba cheo hicho. Aitwe mwalimu.

Nawe uliyepita kwenye madarasa hayo, una kazi. Usipuuze barua pepe ya uteuzi ikija. Kama kisanduku ni kidogo, andika barua nzima uipeleke kwa mkuu wa idara. Na kama unaandika tasnifu sasa hivi, muulize yule mzee kama angependa jina lake litajwe. Akikubali, liandike kamili, na mbele yake uweke neno Mwalimu. Hilo halihitaji kibali cha senati.