Mgongo Waumwa, Mbona Tumbo Lapasuliwa?



Alitujia baba mmoja wa mtaani na karatasi ya hospitali mkononi. Mkewe atapasuliwa uti wa kiunoni. Picha ya MRI amekwisha pigwa, na sasa daktari aagiza nyingine, ya CT, tena ya kuchomwa dawa mshipani. "Sheikh, huku si kuliwa pesa?" Hatukumjibu. Tuliandamana naye kwa daktari.

Tuliyoyasikia ni haya. Diski iliyoharibika yaweza kutolewa kwa kupitia tumboni, ili misuli ya mgongo isikatwe. Lakini mbele ya pingili za kiuno imelala mishipa mikuu ya damu. Ule utokao moyoni huteremka hapo, na kwa watu wengi hugawanyika mbele ya pingili ya 4 kuelekea miguu miwili. Ile irudishayo damu huungana chini kidogo ya hapo. Daktari hana budi kuisogeza kando ndipo aifikie diski. Wa kurudisha damu ukuta wake ni mwembamba, na ukichanika, damu yake haizuiliki kwa wepesi.

Na Mola hakutuumba kwa kalibu moja. Kwa huyu mishipa hugawanyika juu, kwa yule chini. Kwa huyu diski i wazi, kwa yule mshipa umeilalia. Wazee wengine mshipa wao mkuu umeshika chokaa, hausogei bila hatari. MRI huonyesha vyema diski na neva. CT yenye dawa huichora mishipa yenyewe. Wako madaktari wanaotosheka na MRI, nasi hatuwalaumu, lakini anayetaka kuiona njia kabla ya kuipita hana kosa.

Mama atakayepigwa picha hii aseme mapema iwapo ana mimba, ana maradhi ya figo, anatumia metformin ya sukari, au dawa kama hiyo iliwahi kumdhuru. Dawa ikiingia, joto hupita mwilini hata mtu akadhani amejikojolea. Hajajikojolea. Joto hilo halikawii kuondoka, wala hapana la kuonea haya.

Yule mama alipigwa picha. Mshipa wa kushoto ulionekana umeilalia diski yote, basi daktari akaiacha njia ya tumboni. Jumanne atapasuliwa kwa nyuma. Mumewe atuombea dua zenu.