Hedifoni ya mwimbaji si hisani ya fundi

Leo sigusi boom wala UE. Kuna jambo limenikaa kooni, nalo ni hizi rekodi tunazofanya majumbani, bendi za wanafunzi na kwaya, hapa Iringa na kule kwetu Mbeya. Ukienda chumba cha kupanga Kihesa au Mwanjelwa, mambo ni yale yale: godoro limesimamishwa ukutani, kompyuta mezani, maiki moja ya maana. Na hedifoni ni moja tu. Kaivaa nani? Mwenye kompyuta!

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Mwenye kompyuta anasikia kila kitu. Mwimbaji anaambiwa ategee kispika kilichofichwa chini ya kitanda, na mpiga besi abahatishe kwa kuangalia mguu wa mpiga dramu. Wimbo ukiyumba, lawama zinakwenda kwa nani? "Wewe huna taimu." "Wewe ufunguo umekutoka." Nimeshuhudia dada mmoja mwenye sauti nzuri kabisa akiondolewa kwenye wimbo hivi hivi. Uwezo alikuwa nao, ila alikuwa hasikii. Kumhukumu mtu kwa muziki ambao hukumpa nafasi ya kuusikia ni uonevu, tusizunguke.

Majibu yenu nayajua. La kwanza: "Mbona wazee walirekodi bila mambo hayo?" Mtanitajia Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi hapa hapa Iringa, iliyotamba miaka ya 1980 na mapacha wake Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Heshima yao iko pale pale. Lakini bendi za enzi zile zikiingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga kwa pamoja, watu wanatazamana machoni, tena watu walioiva kwa kupiga dansi wiki hadi wiki. Sisi tunarekodi gitaa Jumamosi, sauti Jumatano. Anayekuja Jumatano lazima alisikie gitaa la Jumamosi, na maiki yake isilisikie. Bila hedifoni mtafanyaje?

La pili: "Si mpunguze tu spika." Ukiipunguza, mwimbaji hasikii. Ukiiongeza, maiki inabeba spika pamoja na sauti yake. Siku ya kuchanganya, kila mkiinua sauti mnainua na dramu zilizovuja humo ndani, na hakuna kitufe cha kuzitoa zote.

La tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote: "Avae ile yake ya Bluetooth." Jamani! Hedifoni nyingi za Bluetooth zinachelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, nyingine zinafika 200. Sauti hewani inatembea mita moja kwa takriban milisekunde 3. Kwa hiyo kuchelewa kwa milisekunde 150 ni sawa na mpiga dramu kukaa golini na mwimbaji kusimama katikati ya uwanja wa mpira. Halafu mnamwambia anachelewa!

Basi tufanyeje? Kabla ya kuchangishana hela ya maiki ya pili, nunueni masikio kwanza. Hedifoni ziwe za waya, zinazofunika sikio lote, zilizozibwa nyuma ili zisivujishe. Kadi nyingi za sauti za bei nafuu, hizi zinazochomekwa kwenye USB, zina tundu moja tu la hedifoni. Msiligawe kwa kuunganisha nyaya za Y juu ya nyaya za Y, maana kila hedifoni inayoongezeka inazipunguzia nguvu nyingine, na wote mnabaki kugombania kitufe kimoja. Kuna viboksi vidogo kama Behringer HA400: sauti inaingia kwa waya mmoja, inatoka kwa matundu manne, na kila tundu lina kitufe chake cha kuongeza na kupunguza. Wote mtasikia mchanganyiko ule ule, lakini kila mtu kwa kiasi chake.

Halafu mwimbaji asijisikie kupitia kompyuta. Kama kadi ina kitufe cha kumrudishia sauti yake moja kwa moja, kiwasheni. Kama haina, shusheni bafa kwenye programu. Bafa ya sampuli 1024 kwa kasi ya 44,100 ni milisekunde 23, na hapo ni kuingia tu, bado kutoka. Ikishuka mpaka 128 ni kama milisekunde 3. Kompyuta ikianza kukwaruza, pandisheni kidogo.

Kliki nayo msiifanye nyundo. Ikizidi inavuja kwenye maiki, na inaua masikio. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa zinabaki 4 tu. Mpiga dramu anayeongeza hedifoni ili ishinde ngoma zake mwenyewe anazimaliza hizo saa 4 kwa siku moja ya kurekodi. Mpeni hedifoni inayoziba vizuri, hatahitaji kuongeza.

Mtasema hela hakuna. Hela ya sare za video ilipatikana! Watu walichanga, wakashona, wakapiga picha, na sauti yenyewe ikarekodiwa na watu wasiosikiana. Kuna jambo moja tu ambalo sina dawa yake, nalo ni mvua ya Mbeya ikianza kupiga bati. Hapo zimeni, pikeni chai, subirini.

Mengine yote yanawezekana, na ninachodai hakina gharama yoyote. Fundi, kabla ya kumwambia mtu hana taimu, vua hedifoni yako, vaa ile ya mwimbaji, usikilize wimbo mzima kama yeye anavyousikia. Ukishindwa kuimba humo, tengeneza kwanza ndipo ufungue mdomo.

Nawasilisha.