Kenya: Ulinzi wa vyuo vikuu na mipaka ya kuwachunguza wanafunzi

Tangu wanamgambo wa Al-Shabaab walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi, hakuna anayepinga nchini Kenya kwamba vyuo vikuu vinahitaji ulinzi. Linalobishaniwa ni iwapo ulinzi huo unahalalisha kufuatilia mawasiliano na kauli za wanafunzi.

Hoja ya wanaotaka uchunguzi mpana ina uzito. Mmoja wa washambuliaji, Abdirahim Abdullahi, alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Itikadi kali, kwa hiyo, ilikuwa imempata kijana msomi wa mji mkuu. Sheria nayo ilikuwapo: Februari 2015, Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya sheria ya usalama ya mwaka 2014, lakini ikaacha kile kinachoruhusu vyombo vya dola kunasa mawasiliano katika kupambana na ugaidi.

Hata hivyo, mkasa wa Garissa una funzo jingine. Babake Abdullahi, chifu katika kaunti ya Mandera, alikuwa amekwisha kuiarifu serikali kwamba mwanawe ametoweka. Tahadhari kuhusu shambulio dhidi ya chuo kikuu nayo ilikuwa imetolewa siku chache kabla. Habari hazikukosekana. Kilichokosekana ni walinzi wa kutosha na uokoaji wa haraka, kwani kikosi maalumu kutoka Nairobi kilichukua saa nyingi kuwasili.

Wanafunzi, kwa upande wao, wana sababu za kuwa na shaka. Septemba 2017, polisi waliingia Chuo Kikuu cha Nairobi kufuatia maandamano ya kisiasa na kuwapiga wanafunzi hadi ndani ya madarasa. Februari 2018, kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Meru, Evans Njoroge, aliuawa kwa risasi wakati wa maandamano. Baada ya hayo, ni vigumu kumshawishi mwanafunzi kwamba picha za kamera na orodha za majina zitatumika dhidi ya magaidi pekee, wala si dhidi ya wanaolalamikia karo.

Shaka hiyo inadhuru usalama wenyewe, maana asiyemwamini askari hampelekei habari. Chifu wa Mandera alitoa taarifa kwa hiari yake. Mwanafunzi anayemwona mwenzake akivutwa na wanamgambo atafanya vivyo hivyo iwapo tu haogopi kugeuzwa mshukiwa.

Katiba ya 2010 inalinda faragha, uhuru wa kujieleza na haki ya kuandamana kwa amani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililotajwa, ingawa inatoa msamaha kwa sababu za usalama wa taifa. Msamaha huo ndio unaohitaji mipaka: kibali cha mahakama kwa kila mshukiwa, na marufuku ya kukabidhi taarifa za waandamanaji kwa kisingizio cha ugaidi. Bila mipaka hiyo, vyuo vitaendelea kukusanya taarifa nyingi huku vikikosa ile moja inayoweza kuokoa maisha.